Umri wa Ini Langu

Baada ya kuambiwa ini langu lina mafuta, nilijiandaa kuchomwa sindano ndefu ubavuni. Kumbe pale hospitali ya Kibiti walitaka damu ya mkononi tu! Majibu yalipotoka, daktari akaniuliza umri, maana nao unaingia kwenye hesabu ya kujua kama ini lina makovu. Mke mwenzangu, ninayemwita dada tangu nilipoolewa, alikuwa kando yangu. Nikataja arobaini na tisa, kama kawaida yangu. Halafu nikashtuka: umri wa uongo utanipa ini la uongo! Nikasema kweli, hamsini na sita. Daktari akapiga hesabu upya. Dalili ya makovu hakuna! Nikaruka, nikamkumbatia mwenzangu. Naye, mwenye miaka hamsini na miwili, akaniambia, "Hongera. Na shikamoo, dada."