Ayelech hasaini kabla ya kikombe cha tatu

Saa tatu asubuhi, Ayelech Anjulo anainama mbele ya kabati la chuma katika kituo cha umeme nje kidogo ya mji wa Sodo, kusini mwa Ethiopia. Anachomeka nyaya, anabonyeza kitufe cha sanduku lake la kupimia. Tak!

"Milisekunde ishirini na nane. Kikomo ni thelathini na tano," anasema, kisha anakigeukia kifaa. "Haya, umeamka."

Kifaa hicho ni rilei, mlinzi wa laini ya umeme. Waya ukianguka, ndiyo inayoamuru umeme ukatwe. Ayelech, 36, huzijaribu rilei mpya kwa hitilafu za kuigiza kabla laini haijawashwa. Asiposaini, haiwashwi.

Laini hii yenye rilei sita inatakiwa kuwashwa kesho. Mahema ya wageni wa uzinduzi yameshasimama.

Kufikia saa tano, zote zimefaulu. Bosi wake, Dagnachew, analeta fomu.

"Dada yangu, saini tukapumzike."

"Nimezipima zikiwa baridi, gashe. Ngoja zipate joto," anajibu Ayelech, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Si zimefaulu?"

"Hata wewe asubuhi huwa mpole. Jua likikuwakia je?"

Mafundi wanaangua kicheko.

Ndiyo desturi yake. Anaziacha rilei zimewashwa, kabati limefungwa, mpaka buni zikaangwe, zitwangwe, kahawa inywewe raundi zote tatu. Ila yeye mwenyewe hakai. Kikombe cha kwanza anakinywa wima. Cha pili anakwenda nacho hadi kabatini, anagusa mlango, anarudi, anakwenda tena.

"Keti, binti, unanitia kizunguzungu!" anafoka Mama Dalgite, mpika kahawa.

Miaka tisa iliyopita, kwenye laini nyingine, Ayelech alisaini rilei zikiwa baridi. Mchana mmoja wa jua kali waya ukaanguka shambani kwa mzee Lachore. Rilei ikachelewa. Mzee alipoteza ng'ombe wawili na mkono wa kulia.

"Nilikwenda kumwomba radhi. Akanimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, ikamwagika," anasema. "Tangu siku ile makalio yangu hayajui kiti."

Baada ya kikombe cha tatu, anafungua kabati. Rilei ya nne inasita. Sitini na moja. Anarudia: ishirini na tisa. Tena: sitini na nne.

"Mara moja imepita!" Dagnachew anasema.

"Kwani waya utakuuliza hii ni mara ya ngapi?"

"Ayelech, mkataba wako unaisha mwezi huu. Unajua anayeusaini."

"Basi usiusaini, gashe. Na mimi hii siisaini."

Dagnachew anaikunja fomu. Anatoa simu, anawaambia wageni wasije.

Rilei nyingine itafika kutoka Addis baada ya siku tatu. Kuhusu mkataba, hadi jioni Ayelech hajaambiwa lolote.

Anachotaka ni kipimo cha rilei zikiwa zimepata joto kiandikwe kwenye fomu yenyewe, fundi yeyote alazimike kukifanya.

"Siku hiyo," anasema, tayari amesimama, "nitamwambia Mama Dalgite aniletee kigoda."