Ukurasa Uliofungia Senene

Restituta hakujua kusoma, lakini vitabu vya katuni vya Kizungu, vile vya watu wanaoruka angani, alivisoma kuliko wengi. Vilikuja kibandani kwake sokoni Miembeni ndani ya marobota ya karatasi kuukuu alizonunua kufungia senene, panzi wale wa msimu aliowakaanga na kuuza. Magazeti aliyachana. Katuni alizikalia.

Aliyempenda zaidi ni Mtu wa Radi. Akiruka, Restituta naye tumbo lilimpanda kama yuko kwenye bembea. Alimchukia vilevile. Mwanamume mzima, chupi juu ya suruali, anapigana na jitu la chuma na kuwaangushia watu nyumba zao. Katika kitabu kipya aliivunja ya bibi kizee mmoja aliyekuwa anapika. Je, angerudi kumjengea? Ukurasa wa mwisho ungesema, na Restituta alikuwa anauchelewesha kama mnofu wa mwisho kwenye sahani.

Ndipo akaja mteja, na mteja ni Rutaihwa, shemeji yake, aliyemtoa kwenye kibanja chake cha migomba kule Muleba mara baada ya matanga ya mumewe. Restituta aligeuza uso asimtazame, akavuta karatasi bila kuangalia, akamfungia. Alipokumbuka kitabu, ukurasa wa mwisho haukuwamo.

Alikuwa ameapa hatakanyaga tena Muleba. Kesho yake akaenda.

Rutaihwa alikuwa barazani, ukurasa umetandazwa gotini, mafuta yameufanya ung'ae.

"Shemeji, umepotea?"

"Nimefuata karatasi yangu."

"Niliilipia pamoja na senene."

"Ulilipia senene. Hiyo ni nguo yao. Umeshawala, nguo irudi."

Rutaihwa akacheka, ila hakuiachia. "Kwanza niambie, huyu mwenye chupi ana ugomvi gani na hili lichuma? Sikulala vizuri."

Restituta aliinama kutazama. Mtu wa Radi alisimama juu ya ghorofa, mikono kiunoni, watu chini wanampigia makofi. Alimtafuta bibi pembe zote. Hayumo. Hata sufuria yake haimo.

Kicheko kilimtoka hadi akashika nguzo.

"Unacheka nini?"

"Kuna bibi alivunjiwa nyumba. Nimepanda gari kuja kuona kama atajengewa. Kumbe wamemsahau."

Rutaihwa aliangalia migomba, akakohoa bila kikohozi. "Nisimulie basi toka mwanzo."

"Mwanzo ninao mimi. Mkungu mmoja wa ndizi, kurasa tano."

"Mkungu? Kwa picha za mtu wa chupi?"

"Wa migomba niliyoipanda mimi, shemeji. Ule pale karibu na kisima, umekomaa."

Rutaihwa alimtazama, akautazama ukurasa, akaingia ndani kuchukua panga.

Mkungu ulipokatwa na kulazwa miguuni pake, Restituta akasimulia. Maneno ya Kizungu asiyoyajua aliyatunga mwenyewe, tena matamu zaidi. Alipofika Mtu wa Radi anatumbukia ziwani, jitu la chuma limemshika mguu, akanyanyuka na kukung'uta kitenge.

"Anazama?"

"Jumamosi nikija, mkungu mwingine uwe tayari."

"Restituta, usinifanyie hivyo."

"Wewe ulinifanyia vipi?"

Akatoka na mkungu kichwani. Mtu wa Radi angeubeba kwa kidole kimoja, mjinga yule. Yeye shingo ilimuuma mpaka barabarani, na alicheka njia nzima, akihesabu kurasa zilizobaki chini ya mkeka wake na migomba iliyobaki kibanjani.