Amri ya Zuio Ukutani

Mdogo wangu ni fundi fremu, na sijaona mtu anayeheshimu karatasi kama yeye. Mpe cheti cha mtoto wa chekechea, atanawa mikono kwanza. Nilizoea kumtania kwamba hata risiti ya mkate angeitilia kioo. Siku hizi simtanii.

Nyumba aliiweka rehani ili anunue mashine ya kukatia mbao. Mashine ikaja, wateja wakakimbia, maji yakazidi unga. Miezi minane hakupeleka rejesho hata moja. Mkopeshaji akamkabidhi dalali nyumba aipige mnada Alhamisi, saa nne asubuhi; sisi tulisikia kwa jirani tu. Wifi yangu, mkewe, ndiyo kwanza ametoka hospitali kupasuliwa nyonga, hata kizingiti hawezi kuvuka bila kushikwa. Nikamwambia mdogo wangu, "Ukae hapo ulie, au twende mahakamani. Chagua."

Tukaenda Jumatatu. Jaji, mama mmoja wa miwani mizito, alitusikiliza kwa dharura, upande wa pili haupo. Nilidhani atatutimua. Akasoma kila ukurasa, akasema, "Deni liko palepale. Na sizuii mnada kwa huruma, maana wenye shida ni wengi. Nazuia kwa sababu notisi ilipelekwa kwenye anwani ambayo hujawahi kukaa, na hii oda ya fremu uliyopata juzi kutoka shule inaonyesha unaweza kulipa. Nakupa siku tisini."

Mwanaume mzima, machozi yakamtoka. Mimi pia.

Karani akatupa nakala tatu zenye mhuri. "Moja yako. Hizi mbili mpelekee mkopeshaji na dalali leo hii, wasaini kwamba wamepokea. Wasipoziona, watajuaje kama kuna zuio?"

Mdogo wangu alikuwa ameinua karatasi dirishani anautazama ule mhuri, anapapasa ncha za karatasi kwa kidole. Mimi nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Ila nilikuwa nabonyeza simu nimpigie wifi, nina kiherehere cha kuwa wa kwanza kumpa habari, nikajiambia huyu ni mtu mzima, kasikia.

Kumbe wapi. Alikwenda moja kwa moja karakana. Akachagua mbao aliyokuwa akiwawekea wateja wenye pesa zao, akaipiga randa, akaipaka vanishi mara mbili. Nakala moja akaiweka mbele, chini ya kioo. Zile mbili akazilaza nyuma yake, ziikaze isijikunje. Akaitundika ukutani mkabala na mlango. "Dalali akija," alimwambia mkewe, "ataisoma mwenyewe kabla hajafungua mdomo."

Alhamisi alivaa shati la pasi, akakaa chini ya fremu yake tangu asubuhi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, hakuna aliyebisha hodi. Saa sita akacheka. "Wameuogopa mhuri, dada."

Hakujua kwamba mnada haukupangwa kufanyika pale nyumbani. Ulifanyika ofisini kwa dalali.

Jumamosi dalali akaja na mnunuzi, mtu mpole, kavua viatu mlangoni. Wote wawili wakasimama wakaisoma ile fremu mpaka mwisho. Dalali akatikisa kichwa. "Ungeniletea hii hata Jumatano jioni, fundi, nisingegonga nyundo."

Tulirudi kwa jaji. Safari hii alivua miwani kabla ya kusema. "Niliweza kuizuia ilipokuwa haijauzwa. Sasa imeuzwa, na aliyenunua hakujua lolote. Unaweza kudai fidia kwa ile notisi mbovu, na kesi hiyo inaweza kuchukua miaka. Nyumba siwezi kuirudisha."

Siku ya kuhama tulimkalisha wifi uani, kwenye kiti, katikati ya magodoro na masufuria. Alikuwa hajalia tangu Jumamosi. Akanitazama mimi, si mumewe.

"Wifi, kwani kule mahakamani hakuna aliyewaambia mziwasilishe zile karatasi?"

Mdogo wangu akanitangulia. "Karani aliniambia mimi, sikutilia maanani. Dada alikuwa nje, anakupigia simu."

Sikuwa nje. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye, na yeye anajua. Nilipaswa kusema palepale. Sikusema.

Wifi akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe, wifi," akasema. "Bila wewe tusingefika hata huko mahakamani."