Shikamoo ya Mashine

Kila asubuhi, kabla hata hajatua mkoba, karani wa chumba cha fotokopi huipapasa mashine mgongoni na kuiambia, "Shikamoo, bibi." Kisha huiwasha, nayo hunguruma. Karatasi ikikwama haivuti kwa nguvu, huichomoa kwa vidole viwili huku akibembeleza, "Pole, bibi. Tema, tema tu." Nayo hutema. Meneja, kijana aliyehamia juzi na kujiona mtu mzima kwa sababu ya tai, akiyaona hayo hutikisa kichwa.

Siku moja meneja alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine akitafuta kifungo cha shati, karani akaingia. "Shikamoo, bibi. Leo nivumilie. Kale kameneja ketu kanataka nakala za kikao, na kakinuna kanafanana na kiatu kilicholowa." Akaiwasha, mashine haikunguruma. Karani akaguna, akatoka kufuata chai. Meneja akainuka, amenuna kweli, akaamua atoe nakala zake mwenyewe. Akabonyeza. Wapi! Akaipiga kofi. Wapi! Na wakubwa walishakaa kikaoni, wanamsubiri yeye. Akaangaza huku na huku, akailegeza tai, akainama, akanong'ona, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Meneja nusura aipande mashine. Karani alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, anapuliza chai yake taratibu. "Haya, sasa rudi ulikokuwa umejificha," akasema, "ukachomeke waya. Umeung'oa kwa goti."