Mkunga Aliyetoka Mikono Mitupu

Kabla ya tetemeko, mkunga wa kijiji cha Swima alikuwa na sauti ya kufukuza wanaume uani. Sasa ananong'ona, na mikono yake mipana huificha chini ya kitenge hata anaposalimiwa. Siku ardhi ilipotikisika alikuwa akimzalisha Émilienne. Ukuta ulipopasuka alikimbia nje peke yake, na Émilienne akajifungua humo ndani, vumbini. Tangu hapo kijiji kizima kililala uani kwa kuogopa nyumba, isipokuwa Émilienne na kichanga chake, kwa kuwa, kwa desturi, mtoto hutolewa nje mara ya kwanza na mkunga wa mama yake. Siku ya tatu mkunga alisimama mlangoni kwa Émilienne, majirani wakimtazama.

"Ingia, mama, utoshe mutoto inje," Émilienne aliita. "Tunakungojea weye."

"Tafuta mungine. Mi nilikukimbia."

"Hata mi ningekimbia, mama. Ni miguu tu ilikatala!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mkunga akaingia chini ya ukuta uliopasuka, akatoka na mtoto kifuani, macho chini. Walimpigia vigelegele vile vile vya siku zote, naye akaona afadhali wangemzomea.