Mkwe Asiye na Haraka

Kwa miaka kumi na tisa fundi alitengeneza viti vya magurudumu katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, na katika muda huo wote hakuna kiti hata kimoja kilichomwambia asante. Labda ndiyo maana, karakana ilipotaka kitu cha kisasa zaidi, yeye alibuni kinachosema.

Kilikuwa fremu ya kutembelea yenye magurudumu manne, mota ndogo, na spika iliyofichwa chini ya mshikio. Mzee anashika, anapiga hatua, nayo inakwenda naye. Inamuuliza kalalaje, inamkumbusha dawa, inasikiliza habari za magoti bila kupiga miayo. Lakini fahari ya fundi ilikuwa mwendo. Fremu za wengine zilivuta watu kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Ya kwake ilisikia uzito wa mikono na kujirekebisha. Ukipunguza, inapunguza. "Mwendo wako ndio mwendo wangu," ilisema, kwa sauti ya kike ambayo fundi alitumia siku tatu kuichagua.

Ya kwanza alimpelekea mama yake, aliyevunjika nyonga mwaka uliotangulia. Mama aliikagua juu hadi chini, kisha akamgeukia mwanawe, kapera wa miaka arobaini na sita.

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unanitengenezea mkwe."

"Ni mashine, mama."

"Basi kakushinda adabu. Kaniamkia kabla yako."

Jina likashika. Kila siku saa nne asubuhi Mama na Mkwe walitoka chumbani, wakapita ukumbini, wakavuka geti hadi kwa shoga yake, nyumba ya tatu, hatua mia moja na kumi. Dunia ya Mama ilikuwa imebaki hiyo tu, na aliwaambia wanawe waziwazi: siku atakayoshindwa kufika kwa shoga yake kwa miguu yake mwenyewe, wasimhesabu tena mzima.

Mwezi wa tatu wa safari hizo dada wa fundi, aliyeishi na mama, alipiga simu. "Kaka, hawa wawili siku hizi wanachelewa. Chai ya kwa shoga inapoa hawajafika."

Jumamosi fundi akaja na mkoba wa zana.

"Si mimi," Mama alisema. "Ni huyu mkeo. Anajikokota. Nami namvumilia, siwezi kumwacha mwenzangu njiani."

Fundi alimpindua Mkwe juu ya zulia. Akapima betri, akafungua mota, akapaka magurudumu grisi, akakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Mzima kabisa. Akamwonyesha dada yake mchoro ambao Mkwe huutuma kwenye simu yake: mstari wa mwendo ukishuka wiki baada ya wiki, taratibu, laini kama uzi.

"Unaona? Wanazidi kuzoeana."

"Mashine ndiyo inamzoea mama, au mama ndiye anaizoea?"

"Vyote viwili. Hebu nipe kitambaa."

Mchoro ule ulibandikwa ukutani karakanani, na meneja akawa anawaonyesha wageni kama ushahidi wa subira ya mashine. Mama naye alikuwa na skrubu mbili, za nyonga. Hizo hazikukaguliwa.

Wiki tano baadaye miguu yake iligoma katikati ya ukumbi. Hakuanguka, Mkwe alisimama naye, akamkinga, akamwambia hakuna haraka. Dada alipotoka kufua aliwakuta hapohapo, Mama akitiririkwa na jasho, Mkwe akimuuliza kama angependa kusikia hali ya hewa.

Daktari alikuta uvimbe mgongoni, uliokuwa ukibana polepole mishipa ya fahamu ya miguu. Akauliza swali lake la kila siku.

"Alianza lini kupunguza mwendo?"

Watu wengi hapo hukuna kichwa. Fundi alikuwa na jibu la tarehe na saa. Akatoa simu. Daktari aliufuata mstari kwa kidole hadi ulipoanzia kushuka.

"Hii mlikuwa nayo?"

"Iko ukutani kazini."

Daktari hakugomba. Alieleza tu kwamba mwezi mmoja na nusu nyuma upasuaji ungeokoa miguu. Sasa ungeokoa viungo vilivyobaki.

Mama aliporudi nyumbani, fundi alitaka kuichukua mashine.

"Mwache," Mama alisema kutoka kitandani. "Kosa ufanye wewe, talaka apewe yeye?"

Fundi akarudi kazini akazipa mashine zote amri mpya: mwendo wa mtu ukishuka chini ya kawaida yake, ndugu yake apigiwe simu. Alianza na Mkwe, kwa majaribio. Amri inafanya kazi bila dosari. Kila siku saa nne asubuhi Mama, asiyetembea tena wala kuketi mwenyewe, anamwomba binti yake amwekee mkono juu ya mshikio, na Mkwe, akiwa ameegeshwa kando ya kitanda, anasema mwendo wako ndio mwendo wangu. Kisha simu ya fundi inalia karakanani, na ile sauti ya kike inamwarifu kwamba mama yake amepunguza mwendo.

Kuizima amri hiyo ni kubonyeza mara moja tu. Yeye huisikiliza sauti mpaka mwisho, husema "nimesikia," na kushika tena bisibisi.