Petroli ya Tangi

Nilipofika Kariobangi nilikuwa nimeacha shule, nikaacha kuponda kokoto, nikaacha kuchomelea mageti. Kwa fundi wa pikipiki nilikaa kwa sababu ya plagi, kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini. Aliifungua, akaigeuza juani, akasema injini inaumwa nini. Ya kahawia ni nzima. Nyeusi iliyolowa imezidiwa oili. Nyeupe inaungua. Nilishangaa kitu kidogo hivyo kusema ukweli wote wa mashine.

Kila Jumamosi alikuja mchongaji wa vinyago, Mkamba aliyeishi Lucky Summer, twiga wa mbao wamefungwa nyuma ya pikipiki. Ilikuwa ya zile kuukuu, ambazo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi.

Jumamosi moja fundi alikuwa ameenda matangani kwao Murang'a.

"Niaje, daktari," mchongaji aliniambia. "Mgonjwa amekohoa wiki nzima."

"Mzee, huyu anavuta sigara kukushinda."

"Mtibu basi. Na breki zinalia kama mbuzi wa Krismasi."

Nilitoa petroli kidogo kwenye tangi lake, nikaitia mkebeni, nikasugua plagi kwa brashi ya waya. Kisha nikafungua magurudumu yote mawili. Shuu za breki, zile pande zinazobana gurudumu kutoka ndani, zilikuwa zimelainika, zinang'aa. Nikazikwaruza kwenye saruji ya mtaro, kama fundi alivyozoea, nikaziosha katika mkebe uleule. Chini ya meza palikuwa na chupa ya petroli safi ambayo fundi aliiweka kwa ajili ya breki tu. Mimi niliyeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni ubahili.

Mchongaji akazunguka uwanjani mara moja, polepole.

"Zimenyamaza! Wewe ni daktari kweli."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha. Kwenye mteremko wa kushukia mtoni breki hazikushika. Mchongaji akaanguka, akavunjika mkono wa kulia, kwenye kifundo.

Jumatatu pikipiki ililetwa ikisukumwa. Fundi akafungua gurudumu, akapitisha kidole kwenye shuu, akakinusa.

"Uliosha na nini?"

"Petroli ya tangi."

"Iko na oili, wewe."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Nilienda Lucky Summer kwa miguu. Mchongaji alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa plasta, vidole vimevimba. Mbele yake alisimama twiga ambaye shingo na kichwa vilikuwa bado gogo. Nikamweleza yote, mkebe na chupa.

"Na vile nilikusifu," akasema.

Akajaribu kushika patasi. Ikaanguka. Akaisogeza kando kwa mguu, akanirushia kipande cha msasa.

"Sugua miguu. Shingo uiache, nitaimaliza mwenyewe."

Nilisugua mpaka jioni, na Jumapili kadhaa baada ya hapo. Plasta ilitolewa, vidole vikakataa kukunjika. Nilipohama Kariobangi, miguu ya yule twiga ilikuwa laini kama kioo. Shingo ilikuwa vilevile.